Dawa Chooni: Ufa wa Sheria Uliochukua Karibu Miaka 43 Kuzibwa

Jioni moja baada ya mkutano wa chama tulikuwa tunakunywa chai nyumbani kwa mwenzetu. Mama yake amefanya kazi ya kuhudumia wazee kwa zaidi ya miaka ishirini, kazi ambayo wengi wa mama na shangazi zetu waliianza mara tu walipofika Marekani. Tulimwambia kwamba tunatafuta mada ya makala ya historia. Akacheka, akasema, "Andikeni habari za choo."

Tulidhani anatania, lakini hakuwa anatania. Zamani, mzee akifariki au akibadilishiwa dawa, muuguzi alihesabu vidonge vilivyobaki, akavimwaga chooni na kuvuta maji. Mama aliitwa kuwa shahidi, kisha wote wawili wakatia sahihi kwenye daftari. "Wanangu, hatukuwa wazembe," alisema. "Tulifundishwa hivyo." Halafu siku moja wakaambiwa kwamba ni marufuku. Hakuna aliyewaeleza sababu. Makala hii ni jaribio letu la kumpa Mama jibu ambalo hakupewa kazini.

Habari inaanzia mwaka 1976. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria kuu ya taka ya Marekani, inayojulikana kwa kifupi kama RCRA. Sheria hiyo ililipa Shirika la Ulinzi wa Mazingira, yaani EPA, mamlaka ya kufuatilia taka hatarishi tangu zinapozalishwa hadi zinapoteketezwa au kuzikwa. Waliokuwa wakifikiriwa zaidi ni wenye viwanda, pamoja na mapipa yao ya kemikali. Wodi za hospitali na nyumba za wazee hazikuwa mbele katika mawazo ya watu.

Lakini ndani ya sheria hiyo kulikuwa na ufa. Kwa maana ya sheria, kitu kilichochanganyika na maji taka ya majumbani, kikapita kwenye bomba hadi kwenye mtambo wa umma wa kusafisha maji, hakikuhesabiwa kuwa taka ngumu. Na kisichokuwa taka ngumu hakiwezi kuwa taka hatarishi. Kidonge kilekile kikitupwa kwenye pipa kilibanwa na kanuni nzito, na kikitupwa chooni kilizikwepa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu haukuzibwa kwa miongo minne.

Mwaka 1980 EPA ilitoa kanuni za kutekeleza sheria hiyo, pamoja na orodha za kemikali ambazo zikitupwa ni taka hatarishi. Dawa kadhaa ziliingia humo, nyingine kwa sababu jina moja lilikuwa na kazi mbili. Mfano mzuri ni warfarini. Ilianza kuuzwa kama sumu ya panya mwishoni mwa miaka ya 1940, na katika miaka ya 1950 ikaanza kutumiwa kwa binadamu ili kuzuia damu isigande. Rais Eisenhower mwenyewe alipewa dawa hiyo baada ya kupata shambulio la moyo mwaka 1955. Kwa daktari ni dawa, kwa orodha ya EPA ni sumu kali. Nikotini nayo imo, na kwa hiyo hata bandeji za kumsaidia mtu kuacha sigara zilihesabiwa hivyo zikitupwa.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Kituo kilichozalisha zaidi ya kilo moja ya taka zenye sumu kali kwa mwezi kiliwekwa kwenye kundi la wazalishaji wakubwa, sawa na kiwanda cha kemikali. Vifungashio na vichupa vyenye mabaki ya dawa hizo vingeweza kukifikisha hapo. Muuguzi ambaye kazi yake ni kuhudumia mgonjwa alitakiwa kujua ni kidonge gani kimo kwenye orodha na kipi hakimo. Choo kilikuwa karibu, hakikuuliza maswali wala hakikugharimu kitu.

Tuwe waadilifu hapa. Kumwaga dawa chooni hakukutokana na uvivu tu. Dawa kali za maumivu zinaweza kuibwa, kuuzwa mitaani, au kumezwa na mtoto. Zikishavutwa na maji hazirudi, na kuwapo kwa shahidi kulimlinda mfanyakazi asishukiwe wizi. Mama alikuwa sahihi kwamba hawakuwa wazembe. Walikuwa wanaziba hatari moja huku wakifungua nyingine ambayo haikuonekana kwa macho.

Hatari hiyo ilianza kuonekana maabara zilipopata vyombo vya kupima kiasi kidogo sana. Mwaka 2002 wanasayansi wa taasisi ya jiolojia ya serikali, USGS, walichapisha matokeo ya kupima mito 139 katika majimbo 30, kazi iliyofanywa mwaka 1999 na 2000. Walitafuta kemikali 95, zikiwemo dawa na homoni, na katika asilimia 80 ya mito hiyo walipata angalau moja. Ni lazima kusema kwamba walichagua hasa mito iliyo chini ya miji na mashamba ya mifugo, kwa hiyo hesabu hiyo si ya mito yote ya Marekani. Mwaka 2007 watafiti nchini Kanada walieleza jinsi walivyotia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango kwenye ziwa la majaribio huko Ontario, kwa kiasi kidogo sana, na aina moja ya samaki wadogo ikakaribia kutoweka ziwani humo. Mwaka uliofuata shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba mabaki ya dawa yamo katika maji ya kunywa ya Wamarekani wasiopungua milioni 41. Kiasi kilikuwa kidogo mno, lakini mitambo ya kusafisha maji haikuundwa kwa ajili ya kuondoa dawa.

Dawa nyingi zilizomo mitoni hupitia kwenye miili yetu kwanza, na hakuna sheria inayoweza kumkataza mgonjwa kwenda haja. Kinachoweza kukatazwa ni kumwaga dawa ambayo haikutumika. Mwishoni mwa mwaka 2008 EPA ilipendekeza utaratibu mwepesi, lakini wengi walilalamika kwamba usingewezesha kufuatilia dawa hizo njiani, na pendekezo halikukamilishwa. Jingine lilikuja mwaka 2015. Kanuni yenyewe ilitiwa sahihi Desemba 2018, ikachapishwa Februari 2019, na tarehe 21 Agosti 2019 ikaanza kufanya kazi.

Siku hiyo ikawa marufuku katika majimbo yote kwa kituo chochote cha afya, kikubwa au kidogo, kumwaga dawa zilizo taka hatarishi kwenye maji taka. Nyumba za wazee zikahesabiwa wazi kuwa vituo vya afya. EPA ilikadiria kwamba marufuku hiyo ingezuia kati ya tani 1,644 na 2,300 zisiingie majini kila mwaka. Kwa upande mwingine mzigo ulipunguzwa: hesabu ya kilo moja haiwahusu tena wanaofuata utaratibu mpya, na bandeji na chingamu za nikotini zinazouzwa bila cheti cha daktari zimetolewa kwenye orodha ya sumu kali. Kwa maoni yetu hili la pili ndilo lililoipa kanuni nguvu. Marufuku isiyompa mfanyakazi njia nyingine rahisi humfundisha kujificha tu.

Kazi haijaisha. Dawa nyingi za saratani zilizovumbuliwa baada ya 1980 hazimo kwenye orodha ile. Nyumba zetu pia haziguswi na kanuni hii, na mamlaka ya dawa, FDA, bado ina orodha fupi ya dawa kali za maumivu ambazo inashauri zimwagwe chooni nyumbani ikiwa hakuna mahali karibu pa kuzirudisha. Tangu kanuni za mwaka 2014, maduka ya dawa yaliyosajiliwa yanaruhusiwa kuweka masanduku ya kupokea dawa hizo.

Tulipomsomea Mama rasimu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ilikuwa sababu ya dakika tano tu kuielezea." Halafu akaenda kwenye kabati la jikoni, akarudi na mfuko uliojaa dawa za marehemu babu, ambaye alifariki miaka minne iliyopita. Hakujua azipeleke wapi. Jumamosi tulikwenda naye kwenye sanduku la duka la dawa. Tunawaomba wanachama wenzetu, na walimu wetu pia, wafungue makabati yao wiki hii.