Chumvi ya bahari hufikaje kwenye mabati?

Hapa pwani nimesikia mara nyingi fundi akimwambia mwenye nyumba kwamba jua likichoma, bahari hutoa mvuke wa chumvi, nao ndio unaokula mabati. Kutu ni ya kweli. Mvuke wa chumvi haupo.

Chumvi ikiyeyuka hugawika kuwa ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme: sodiamu yenye chaji chanya na kloraidi yenye chaji hasi. Kila ioni huzungukwa na molekuli za maji zinazoishika pande zote. Ikisogea juu kabisa, upande mmoja inakutana na hewa, ambayo haina cha kuishikia, basi hurudi chini. Lars Onsager na Nicholas Samaras walilipigia jambo hilo hesabu mwaka 1934. Kwa hiyo jua huchukua maji na kuacha chumvi. Isingekuwa hivyo, mashamba ya chumvi ya Gongoni yasingevuna kitu.

Kinachoirusha angani ni povu. Wimbi likivunjika mwambani hufunika hewa. Viputo hupanda, na kila kinachopasuka hurusha vitone vya maji ya bahari, ioni zikiwa ndani. Upepo wa kusi hubeba vitone hivyo hadi kwenye paa. Vikikauka, chumvi hubaki. Usiku, unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75, chumvi huunyonya na kuwa majimaji tena, na kloraidi huendelea kuitafuna zinki, kisha chuma.

Ila fundi ana robo ya ukweli. Ayodaidi, ioni kubwa kuliko kloraidi na adimu sana baharini, haiuogopi uso wa maji. Hesabu za kompyuta za Pavel Jungwirth na Douglas Tobias, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilionyesha kwamba hukaa hapo juu. Ozoni ya hewani ikiigusa, hugeuka kuwa ayodini na kupaa kama gesi. Lakini siyo hiyo inayotoboa paa lako.

Mwenye nyumba, usiangalie juu tu. Huko mvua huosha. Chini ya upenu mvua haifiki, chumvi hurundikana, na mara nyingi kutu huanzia hapo. Pamwagie maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa msimu wa kusi.