Manamba Hakuwa Mhamiaji

Kamati moja ya istilahi imeamua kwamba kijana wa Songea aliyechukuliwa kwenda kukata mkonge Tanga, enzi za Mwingereza, aitwe "mfanyakazi mhamiaji wa mkataba". Ni maneno manne kwa mtu ambaye wazee wa Ruvuma wana neno moja tu la kumwita: manamba. Nililipendekeza neno hilo, likafutwa bila kutolewa sababu. Sababu zangu mimi ni hizi.

Manamba limezaliwa na namba. Mtu alipoandikishwa kazini alipewa namba, na namba hiyo ikawa ndiyo yeye mbele ya karani na mnyapara. Kiambishi ma- kikaugeuza umati wa watu wa namba kuwa tabaka, na leo mtu mmoja pia ni manamba. Istilahi gani nyingine inabeba historia yake yenyewe namna hiyo?

Wapo wanaotetea kibarua. Hilo linatokana na barua, yaani kijikaratasi cha mtu wa kazi ya kutwa, ambaye jioni hurudi kwake. Manamba hakurudi kwake jioni. Alilala kambini, safari ya siku nyingi kutoka kwao, na kazi yake ilihesabiwa kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi: siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikuandikwa. (Kipande hiki kisichanganywe na kile cha Kenya, kilichokuwa kitambulisho.)

Mhamiaji ndilo kosa kubwa zaidi. Kuhama ni kung'oa makazi. Manamba alisukumwa na kodi, katika wilaya kama Songea, ambayo wakoloni waliigeuza chimbuko la nguvukazi ya mashamba ya mbali. Kufikia 1944 wenye mashamba walikuwa na shirika lao la kukusanya watu, SILABU, nalo likawafuata hadi huku kusini. Mkataba ukiisha, manamba alitarajiwa kurudi kwao. Waliobaki Korogwe na Muheza tunasema walilowea, na hilo nalo ni neno kamili lisilohitaji kamati.

Matumizi ni mepesi: manamba huyu, manamba hawa, umanamba.

Jambo hili linawagusa hasa wajukuu wanaotafuta habari za babu zao. Vitabu vya ubatizo vya misheni, kama Peramiho iliyoanzishwa 1898, vinaweza kukupa jina na ukoo. Maisha ya kambini utayapata kwa wazee. Mwulize bibi yako habari za "mfanyakazi mhamiaji", atakuuliza ni nani huyo. Mwambie, "Bibi, babu alikwenda umanamba lini?" naye atakutajia shamba, mnyapara na wenzake aliosafiri nao.

Wanaotunga faharasa za historia walirudishe neno hili mahali pake, na wenye wazee wakawaulize mwaka huu.