KUPIMA KAZI NA KUMJUA MFANYAKAZI

Yeyote apitaye Kikuubo, kile kichochoro cha biashara ya jumla hapa Kampala, hukutana na wachukuzi waliojitwika maboksi na magunia. Mchukuzi hulipwa kwa kadiri ya mizigo aliyoibeba. Kipimo hicho chaonekana kuwa cha haki, lakini kina historia ambayo yafaa kila mwenye madaraka juu ya watu aijue.

Mwaka 1899, katika kiwanda cha chuma cha Bethlehem huko Marekani, Frederick Taylor alianza kupima kazi ya wapakizi. Kila kipande cha chuma kilikuwa na uzito wa kilo 42 hivi. Taylor alidai kwamba, kwa kuwapangia wapakizi mwendo na mapumziko, kazi ya mtu mmoja kwa siku ilipanda kutoka tani 12 na nusu hadi tani 47 na nusu. Ujira nao ulipanda kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85. Yaani mzigo ulikaribia kuwa mara 4, na malipo hayakufikia hata mara 2. Waliosema kweli ni wahenga: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tena mwaka 1974 watafiti Wrege na Perroni walipekua kumbukumbu za kiwanda hicho, wakaonyesha kwamba masimulizi ya Taylor hayakulingana na yaliyotukia.

Huku kwetu, waajiri wa kikoloni walizoea kulalamika kwamba Mwafrika ni mvivu na hadumu kazini. Januari 1945 wafanyakazi wa Uganda waligoma, na mojawapo ya madai yao makubwa lilikuwa nyongeza ya mishahara, kwani vita vilikuwa vimepandisha bei za vitu. Askari waliitwa, na watu wakapoteza maisha. Januari 1947 ikawa zamu ya Mombasa, ambako mgomo ulisimamisha bandari na reli.

Mwaka huo huo wa 1947, jopo la wataalamu chini ya C. H. Northcott, aliyewahi kusimamia mambo ya wafanyakazi katika kampuni ya Rowntree nchini Uingereza, lilichunguza ufanisi wa wafanyakazi wa reli mjini Nairobi. Taarifa yake ilitolewa mwaka 1949. Jopo hilo halikuishia kwenye saa na mizani, bali liliangalia pia afya na chakula cha wafanyakazi.

Kisha, katika miaka ya 1950, Walter Elkan wa taasisi ya utafiti wa jamii pale Makerere aliwachunguza wafanyakazi wa viwanda nchini Uganda. Kitabu chake cha mwaka 1960 kilieleza kwamba mtu aliyeacha kazi na kurudi kijijini hakuwa mvivu wala mjinga. Shamba lake ndilo lililokuwa kinga yake ya uzee na ugonjwa, wala mshahara wa mjini haukutosha kumfanya aliache. Alikuwa amepiga hesabu yake sawasawa. Mwajiri ndiye aliyehesabu siku za kazi tu.

Ndugu wasikilizaji, kupima kazi si kosa, na jeshi lisilojipima halijui nguvu zake. Kosa ni kuhesabu kilicho chepesi kuhesabika na kukiacha kilicho na maana. Mkuu wa kituo akipimwa kwa idadi ya waliokamatwa peke yake, askari wake watakamata wengi, na wezi hasa wataendelea kulala salama. Kamanda anayepima mwendo wa kikosi bila kuuliza juu ya posho, matibabu na makazi atapata tarakimu nzuri hadi siku ya shida.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu wa chini yako mvivu, uliza kwanza amekula nini, analala wapi, na anapata nini kwa ule mzigo uliomwongezea.