Bunduki ya kwanza ya mtoto: desturi ya wawindaji wa Marekani, na mahali inapoharibika

Kila tunaposoma habari ya mtoto aliyeua au kujeruhi kwa bunduki huko Marekani, simu za studio huanza kuita. Swali huwa lile lile: mtoto aliipata wapi bunduki? Na kuna siku jibu huwa kwamba alipewa na mzazi wake, kama zawadi. Wasikilizaji wengine hudhani tumekosea kusoma.

Hatukukosea. Katika familia nyingi za vijijini nchini Marekani, kumpa mtoto bunduki yake ya kwanza ya kuwindia ni desturi ya kizazi na kizazi. Katika makala hii tunaeleza desturi hiyo ilivyo, sheria ya kule inasemaje, kwa nini wengine wanaitetea na wengine wanaipinga, na inatuhusu nini sisi wenye gobore la babu darini.

Desturi yenyewe ni ipi?

Mtoto, mara nyingi akiwa na miaka kati ya 10 na 12, hupewa bunduki ya kuwindia siku ya kuzaliwa kwake au siku ya Krismasi. Zamani ilikuwa zaidi kwa wavulana, lakini siku hizi wasichana nao hupewa. Anayetoa huwa baba, babu, mjomba, na wakati mwingine mama.

Bunduki hiyo si lazima iwe mpya. Zipo familia ambazo bunduki ni ile ile: babu alianza nayo, akampa baba, na sasa ni zamu ya mjukuu. Wenyewe huithamini kama huku kwetu mtu anavyouthamini mkuki wa ukoo au jembe alilolimia marehemu baba yake. Thamani yake si ya dukani.

Aina inayopendwa kwa kuanzia ni bunduki ndogo ya risasi moja moja, yenye kipenyo cha inchi 0.22, yaani milimita tano na nusu hivi. Haina kishindo kikubwa wala hairudishi bega nyuma kwa nguvu. Ukishapiga, lazima uifungue uweke risasi nyingine kwa mkono. Wazazi huipenda kwa sababu hiyo: mtoto analazimika kufikiri kabla ya kila risasi. Lakini udogo wa risasi usikudanganye. Inaua.

Ilitoka wapi?

Ilitoka shambani. Walowezi wa Marekani waliishi mbali na miji, na bunduki ilikuwa chombo cha kazi kama shoka: kwa kitoweo, kwa kufukuza wanyama waharibifu, na pia, tusifiche, kwa vita dhidi ya wenyeji waliokuwa na ardhi ile. Mtoto wa mkulima alijifunza bunduki kama wetu wanavyojifunza kuswaga ng'ombe.

Baadaye biashara ikaingia. Katika mji wa Plymouth, jimbo la Michigan, kulikuwa na kiwanda cha vinu vya upepo vya kuvutia maji kisimani. Mwishoni mwa miaka ya 1880 kiwanda hicho kikaanza kutoa bunduki ndogo ya upepo kama bakshishi kwa mkulima aliyenunua kinu. Wakulima wakazipenda bunduki kuliko vinu. Mwaka 1895 kampuni ikabadili jina na kuitwa Daisy, jina la bunduki hiyo, na mpaka leo bunduki za upepo za Daisy ndizo ambazo watoto wengi wa kule huanza nazo kabla ya kushika bunduki ya risasi.

Mtoto anaanzaje?

Familia zinazoifuata desturi hii kwa uangalifu hazimkabidhi mtoto bunduki siku moja. Kuna ngazi.

Kwanza mtoto hufuatana na wakubwa porini bila silaha. Anajifunza kunyamaza, kuvumilia baridi, kusoma nyayo. Kisha hupewa bunduki ya upepo na kulenga makopo. Mwisho ndipo huja bunduki ya risasi, naye huitumia mkubwa akiwa pembeni.

Kuna kanuni nne ambazo mtoto hukaririshwa mpaka aziseme usingizini. Ichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umeambiwa haina. Usielekeze mdomo wa bunduki kwa kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umelenga. Na hakikisha unajua unachokilenga na kilicho nyuma yake, maana risasi haisimami kwa sababu imemkosa mnyama.

Kuna pia mafunzo rasmi. Jimbo la New York lilikuwa la kwanza kuyafanya ya lazima kwa wawindaji wachanga, mwaka 1949. Leo majimbo yote 50 yana kozi ya usalama wa uwindaji, na kwa kawaida kijana hapati leseni kabla ya kuifaulu. Sehemu ya gharama hutoka kwenye kodi ya bunduki na risasi, ambayo kwa sheria ya mwaka 1937 fedha zake hurudi kwenye uhifadhi wa wanyamapori.

Siku ya kwanza porini

Mnyama anayewindwa zaidi ni paa wa kule mwenye mkia mweupe kwa chini, mkubwa kuliko swala pala wetu, dume lake likiwa na pembe zenye matawi. Msimu wa kumwinda kwa bunduki huwa mfupi, katika miezi ya baridi inapoanza. Katika jimbo la Pennsylvania, kwa miaka mingi msimu ulifunguliwa Jumatatu baada ya sikukuu ya Shukrani, na shule nyingi za vijijini zilifungwa siku hiyo kwa kuwa wanafunzi, na walimu pia, wangekuwa porini. Mwaka 2019 ufunguzi ulihamishiwa Jumamosi.

Majimbo mengi humtaka mwindaji avae nguo ya rangi ya chungwa kali. Paa haioni rangi hiyo kama tunavyoiona sisi, lakini mwindaji mwenzako anaiona kwa mbali na hatakudhania mnyama.

Mtoto akiangusha mnyama wake wa kwanza, baadhi ya familia humpaka damu kidogo usoni. Akikosa, katika majimbo ya kusini wapo wanaomkata kipande cha shati na kukitundika ukutani, watu wacheke. Kisha hufundishwa kuchuna na kugawa nyama. Wanaoitetea desturi husema hapo ndipo mtoto anaposhika uzito wa kitendo: ameua, na alichokiua kinaliwa, hakitupwi.

Sheria inasemaje?

Hapa ndipo wasikilizaji wetu wengi hushangaa. Sheria ya nchi nzima ya mwaka 1968 inamkataza muuzaji mwenye leseni kumuuzia mtu wa chini ya miaka 18 bunduki ndefu, au wa chini ya miaka 21 bastola. Lakini haikumkataza mzazi kununua bunduki ndefu na kumpa mwanawe. Kwa bastola kuna katazo la nchi nzima kwa walio chini ya miaka 18, lenye misamaha michache. Kwa bunduki ndefu halipo. Kila jimbo lina utaratibu wake.

Vivyo hivyo kwa utunzaji. Florida ilikuwa ya kwanza, mwaka 1989, kumfanya mtu mzima awe na kosa akiiacha bunduki mahali mtoto anapoweza kuifikia. Majimbo mengine yamefuata, mengine hadi leo hayajafuata.

Inapoharibika

Mwaka 2013, katika jimbo la Kentucky, mtoto wa kiume wa miaka mitano alimpiga risasi dada yake wa miaka miwili, akafa. Bunduki ilikuwa yake, ya inchi 0.22, imetengenezwa kwa kimo cha mtoto, na alikuwa amepewa mwaka uliotangulia. Ilikuwa imeegemezwa pembeni mwa chumba. Watu wa nyumbani hawakujua kwamba kulikuwa na risasi iliyobaki ndani. Mama alikuwa ametoka nje kwa dakika chache tu.

Tazama kilichokosekana. Hapakuwa na ubaya wala ugomvi. Kilichokosekana ni mtu mzima mmoja kuifungua bunduki na kuangalia, na kufuli moja.

Kisa kingine ni cha Michigan, Novemba 2021. Kijana wa miaka 15 aliua wanafunzi wenzake wanne katika shule ya sekondari ya Oxford. Baba yake alikuwa amenunua silaha hiyo siku nne tu kabla, kama zawadi ya Krismasi ya mapema. Ilikuwa bastola, si bunduki ya kuwindia, kwa hiyo wawindaji wengi husema desturi yao isilaumiwe kwa hilo. Hata hivyo kesi ile ilibadili mambo: mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Walikuwa wazazi wa kwanza Marekani kutiwa hatiani hivyo kwa mauaji ya shuleni yaliyofanywa na mtoto wao. Michigan nayo sasa inalazimisha bunduki ifungiwe pale penye watoto.

Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa Marekani, imezipita ajali za magari. Vingi vya vifo hivyo ni mauaji ya mtu na mtu na kujiua, si ajali za uwindaji. Lakini suala la kujiua linagusa nyumba ya mwindaji moja kwa moja. Kijana mwenye huzuni akikuta bunduki na risasi pamoja usiku, hakuna atakayepata nafasi ya kumwita arudi. Akikuta kufuli, huenda asubuhi ikamkuta hai.

Kwa hiyo mabishano ya kule yana pande mbili zenye hoja. Mmoja anasema mtoto aliyefundishwa bunduki na babu yake ataiheshimu maisha yake yote. Mwingine anasema akili ya mtoto ni ya mtoto, hata akikariri kanuni mia. Ukisikiliza vizuri, familia makini zimekwisha kujibu: wao humpa mtoto jina la bunduki, lakini ufunguo na risasi hubaki kwa mkubwa mpaka akue.

Na huku kwetu?

Wengi wetu silaha yetu ya kwanza ilikuwa manati, na ndege ndio walioijua shida yake. Lakini kwa Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, ambao serikali inawaruhusu kuwinda kwa chakula chao, mvulana hupewa upinde mdogo akiwa bado mdogo sana. Mishale yake huwa ya mti mtupu. Anacheza nayo, anapiga ndege na wanyama wadogo, na kadiri anavyokua, upinde nao unakua.

Kitu kimoja hachezei: mishale ya sumu ya wakubwa. Vichwa vya mishale hiyo husokotewa ngozi, ili sumu isikauke na isimguse mtu. Hakuna karatasi ya sheria pale, lakini kanuni ni ile ile: mtoto hujifunza kwa chombo kinacholingana naye, na kile cha kuua hubaki kimefungwa mkononi mwa mkubwa.

Kwa upande wa bunduki, sheria ya Tanzania iko wazi. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Mzee akifariki na kuacha bunduki, haigawanywi kama ng'ombe. Familia inatakiwa kutoa taarifa na kuikabidhi polisi, na anayetaka kuimiliki aombe leseni yake mwenyewe. Gobore lisilo na kibali ni kosa, hata kama limekaa darini miaka thelathini bila kupigwa.

Kama nyumbani kwako kuna bunduki yenye leseni, fanya haya leo. Itoe risasi, kisha iangalie tena kwa macho na kidole. Ifungie mahali penye kufuli. Risasi zifungie mahali pengine. Ufunguo usiwe mahali ambapo watoto wanapajua, na kumbuka kwamba watoto wanapajua karibu pote: juu ya kabati, chini ya godoro, ndani ya debe la mahindi. Kuficha si kufunga. Waambie pia watoto wako kwamba wakiona bunduki, kwako au kwa jirani, wasiiguse, waondoke pale, wakamwite mtu mzima.

Tunajua baadhi ya wasikilizaji wetu wana silaha za wazee na wanaogopa kwenda nazo kituoni. Usiibebe njiani. Anza kwa mtendaji wa kijiji au polisi kata, mweleze, akuelekeze namna ya kuikabidhi. Mzee wako atabaki kukumbukwa kwa mengine mengi, na wajukuu watakuwa salama.