Kisomali, Mashine na Programu Zisizoitwa: Kisa cha Garissa

Mwenye kuchunguza historia ya maandishi katika Kaskazini Mashariki ya Kenya hana budi kuanza na mashine, si kitabu. Tarehe 21 Oktoba 1972 serikali ya Somalia ilitangaza kwamba Kisomali kiandikwe kwa herufi za Kilatini, kwa utaratibu wa Shire Jama Ahmed. Hati ya Kiarabu ilikuwa na watetezi wake, na ile iliyobuniwa na Osman Yusuf Kenadid ilikuwa na wafuasi wake pia. Lakini miongoni mwa hoja za kuipendelea ya Kilatini moja ilikuwa ya kikazi tu: taipureta na mitambo ya kupigia chapa ilikwishakuwapo. Herufi c ikapewa sauti ya ain, na x ikapewa ha nzito ya Kiarabu, kama katika caano, yaani maziwa, na xoolo, yaani mifugo. Hapana herufi hata moja iliyodai nukta wala kistari cha ziada. Tahajia hiyo ilivuka mpaka, na ndiyo waitumiayo Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera.

Taipureta haikuwa na rai yake, ilipiga kilichopigwa. Kompyuta iliyoirithi huuzwa imekwisha kujazwa programu ambazo mnunuzi hakuziagiza. Ipo ya kuzuia virusi, ambayo baada ya muda mfupi wa bure hudai malipo; ipo michezo; na ipo ya kusahihisha tahajia, ambayo aghalabu hudhani kwamba kila aandikaye anaandika Kiingereza. Karani aandikaye barua kwa Kisomali huona mstari mwekundu chini ya takriban kila neno. (Kiswahili nacho hakisalimiki.) Inayoudhi zaidi ni ile ibadilishayo bila kuuliza. Katika Kisomali, i ni neno kamili, kiwakilishi cha mtendwa wa nafsi ya kwanza: i sii maana yake ni “nipe”. Programu ya Kiingereza huikuza iwe I, nayo mashine haioni kosa lolote.

Yaweza kusemwa kwamba programu hiyo huzimwa. Naam, huzimwa na ajuaye pa kuizimia. Mwanafunzi asiyejua huona lugha ya mama yake ikitiwa wino mwekundu, ambao darasani una maana moja tu.

Ulaya na Marekani mambo haya yalifikishwa mbele ya sheria. Mwaka 1998 serikali ya Marekani iliishtaki Microsoft kwa kuifungamanisha programu yake ya kuvinjari intaneti na Windows. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliiamuru kampuni hiyo itoe Windows isiyo na chombo chake cha muziki na picha. Mashauri hayo yalihusu ushindani wa biashara. Lugha ya mnunuzi haikuwa hoja.

Kwa upande wa Kiswahili, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka huohuo wa 2004. Lakini aliyeihitaji ilimbidi aitafute na kuipakia mwenyewe, ilhali asivyovihitaji vilimjia ndani ya boksi. Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake mwaka 2017, kina nafasi ya kufanya kazi kama hiyo kwa Kisomali. Nazo kaunti tatu za eneo hilo, zinunuapo kompyuta kwa zabuni, zaweza kuandika katika masharti ya zabuni ni lugha zipi mashine ije nazo, na ni programu zipi zibaki kwa muuzaji.