Kingamwili dhidi ya BCL-2

Hii ni kingamwili ya maabara inayojishikiza kwenye BCL-2, protini inayoizuia seli isijiue wakati wake ukifika. Jeni ya protini hiyo ilitambuliwa katikati ya miaka ya 1980 ndani ya limfoma, saratani ya seli za kinga. Mwaka 1988 David Vaux na wenzake huko Melbourne walionyesha kwamba jeni hiyo hurefusha uhai wa seli.

Kwa Uganda, Kongo na majirani zao, manufaa makubwa ya kingamwili hii yako kwenye limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya, ambayo Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa daktari Mulago, Kampala. Huonekana zaidi penye malaria nyingi. Kipande chembamba cha uvimbe, kilichohifadhiwa kwa fomalini na nta, hutiwa kingamwili. Rangi ya kahawia huonyesha iliposhika. Seli za Burkitt kwa kawaida hubaki bila rangi au huipata kwa uhafifu, ilhali limfoma nyingine nyingi hukolea. Lakini lazima kwanza zitazamwe limfosaiti T (seli nyeupe za damu) za kawaida zilizomo humo humo: zisipokuwa za kahawia, kipimo kimeharibika, na jibu hasi halifai kabisa kuaminiwa, kwani ndilo linalosaidia kuchagua matibabu ya mtoto.