Historia ya kinga ya uchawi: kwa nini tuliambiwa mwisho 75?

Leo naomba tuweke pembeni ukoloni na ubeberu. Pale hosteli kuna ubishi umekuwa mkali kuliko siasa za serikali ya wanafunzi: hivi kwenye magemu ya Diablo, pointi 5 za kinga ya uchawi zina maana yoyote, au ni urembo tu? Kuna mshkaji ameshatupa ngao nzuri kabisa eti "inaongeza 5 tu". Kwa kuwa mimi nasomea ualimu wa Historia, nitajibu kwa njia ninayoijua: chanzo, mabadiliko na athari.

Chanzo chenyewe wala hakikuwa kwenye kompyuta. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi, penseli na dadu. Mchawi akikurushia mpira wa moto, unarusha dadu ya pande 20. Ukifikisha namba inayotakiwa unakula nusu ya madhara, ukishindwa unakula yote. Yaani kinga ilikuwa bahati. Watu wakikaa mezani jioni nzima wakipiga stori, bahati inanoga. Lakini kwenye gemu la kukimbizana, ambalo ndani ya dakika moja unapigwa mara 50, nani ana muda wa kusubiri dadu?

Hapo ndipo inaingia Diablo, iliyotoka wakati wa mwaka mpya wa 1997. Humo kinga dhidi ya uchawi, moto na radi ikawa asilimia. Una kinga ya moto 50? Pigo la 100 linakuingia 50, kila mara, bila bahati. Safi. Ila asilimia zina tatizo moja: zinajumlishwa. Ngao 30, kofia 25, pete 20, mkufu 25, tayari umefika 100 na moto haukuui tena milele. Gemu limekwisha hapo, maana asiyeweza kufa hana cha kuogopa. Ndiyo maana ya ukomo wa 75. Hata uvae nini, robo ya moto itakufikia.

Diablo II ilitoka Juni 2000, na nyongeza yake, Lord of Destruction, ikafuata mwaka 2001. Hapa mambo yakawa matamu. Kwanza, vifaa maalumu viliweza kuupandisha ule ukomo wa 75 hadi 95. Pili, katika nyongeza, ukiingia ngazi ya Hell unakatwa pointi 100 za kinga. Ukimwokoa Anya katika ngazi zote tatu unarudishiwa 30. Piga hesabu: ili ubaki na 75, vifaa vyako vinatakiwa vikupe 145!

Tatu, kulikuwa na punguzo la aina nyingine, lisilo la asilimia. Hili linatoa pointi kadhaa kwenye kila pigo la moto, baridi, radi au uchawi mtupu (sumu haimo). Ukiwa na punguzo la 10, pigo la 12 linabaki 2, karibu unacheka. Pigo la 400 linabaki 390, hapo huchekì tena. Kwa hiyo kutoa kunafaa dhidi ya mapigo madogo madogo mengi, na asilimia inafaa dhidi ya pigo moja kubwa. Wengi huzichanganya hizi mbili.

Sasa turudi kwenye zile pointi 5. Chukua pigo la radi la 4,000. Mwenye kinga 75 linamwingia 1,000. Mwenye 80 linamwingia 800. Kama uhai wako ni 900, huyo wa kwanza ni marehemu na wa pili bado anakimbia. Na ukiwa unacheza Hardcore, marehemu ni marehemu kweli: mhusika harudi, na miezi yako yote imekwenda na maji. Kutoka 90 kwenda 95 ndiyo balaa zaidi, 400 inakuwa 200, yaani nusu nzima. Pointi ni zilezile 5, lakini kila ukipanda zinazidi uzito.

Watengenezaji waliliona hilo. Diablo III, Mei 2012, iliachana na asilimia za kujumlisha. Ukipambana na zimwi la levo 60, kinga yako inagawanywa kwa kinga hiyohiyo ukijumlisha 300. Kinga 300 inapunguza nusu ya madhara, 900 inapunguza asilimia 75, 2,700 inapunguza 90. Unaweza kupanda mpaka uchoke, 100 huifikii. Ukomo hauhitajiki tena, hesabu yenyewe ndiyo ukuta. Path of Exile ya kule New Zealand, iliyotoka rasmi 2013, ikabaki njia ya wazee: ukomo 75, vifaa vinaweza kuusogeza hadi 90, na tangu 2017 ukimaliza hadithi nzima unakuwa umekatwa pointi 60.

Kwa hiyo tangu 1974 swali ni lilelile, majibu ndiyo yanabadilika: utamzawadiaje aliyejiandaa bila kumfanya asife? Dadu ilijibu kwa bahati, Diablo kwa ukomo, Diablo III kwa mgawanyo.

Na kwetu walimu watarajiwa kuna la kubeba. Mwanafunzi akikuuliza asilimia ni nini, usimwonyeshe kilichozuiwa tu, mwonyeshe kilichobaki. Kutoka 75 kwenda 80 anaona 5. Kutoka 25 kwenda 20 anaona moja ya tano ya kifo chake imeondoka. Hapo ataelewa, hata yule anayesema Hisabati ilimshinda tangu darasa la nne.

Ngao msitupe jamani. Naomba kuwasilisha.